Mkato Baada ya Mchafu

Talaka yangu ililetwa asubuhi, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, na nilipomaliza kuisoma kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kalamu. Kulia nililia baadaye, tena sana. Lakini kwanza kalamu. Mwanamume yule alikuwa ameandika: "Nimekuacha kwa sababu ya mdomo wako, na kwa sababu unasema sana, na kwa sababu hujui kunyamaza." Jamani! Sababu tatu, na zote ni moja. Nikakata mbili za mwisho. Ikabaki "Nimekuacha kwa sababu ya mdomo wako." Bado ndefu. Nikakata tena, ikawa "Nimekuacha kwa mdomo." Nikaitazama, nikacheka peke yangu kama mwehu, maana talaka ya maandishi sasa ilikuwa inasema mtu kaachwa kwa mdomo. Ndipo machozi yakaja.

Leo mimi ni bibi mzima, na vijana wanaotaka kuandika matangazo ya biashara huja kuniuliza kazi hii inataka mtu mwenye sifa gani. Wanategemea niseme elimu, au kipaji, au Kiingereza. Mimi huwaambia inataka mtu anayewashwa. Sentensi mbovu imwashe kama upupu, asiweze kukaa mpaka ameikuna. Wananicheka, wanaandika kwenye madaftari yao, wanaaga. Iko sifa ya pili ambayo siwaambii, kwa sababu siwezi kuisema bila kumtaja mama yangu mdogo, na kumtaja mamdogo kwa jambo lile mpaka leo kunanichoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado Waingereza wapo. Nilipoachika nilifunga kitanda changu na sufuria mbili juu ya mkokoteni nikaenda kwa mamdogo, mtaa wa Mchafukoge. Alikuwa na chumba kimoja cha uani, katikati ya maduka ya Wahindi, na kazi yake ilikuwa kufua kanzu za watu. Si nguo zote, kanzu tu. Wazee wa mjini walimpelekea kanzu zao Jumatatu wakazichukua Alhamisi, tayari kwa Ijumaa, nyeupe mpaka zinakuumiza macho. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka kwa magadi. Na yeye mwenyewe, wallahi, sijapata kuona mtu safi kama yule. Alikoga kabla ya alfajiri, akakoga adhuhuri, akakoga jioni, na akishika hata punje ya vumbi huyo anakwenda kunawa. Msahafu alisoma vizuri kabisa. Herufi za Kizungu, lakini, zilikuwa kwake kama nyayo za kuku.

Ukoo mzima ulikuwa umeshanihukumu. Mdomo uliponza kichwa, walisema, kila mmoja kwa zamu yake. Mjomba alituma salamu kutoka Kisarawe kwamba eda ikiisha nirudi shamba, huko hakuna wa kugombana naye isipokuwa nguruwe wa porini. Mamdogo peke yake ndiye aliyenitetea. Alimrudishia mjomba jibu kwa mtu yuleyule aliyeleta salamu: "Mwambie mdomo wa mtoto huyu ndio utakaompa kula. Aniachie." Mjomba akajibu, "Haya, akae mpaka masika, lakini masika yakianza kama hana kazi nakuja kumchukua mwenyewe." Basi nikawa natazama mawingu.

Eda ilipoisha sikuweza kukaa ndani. Mamdogo alikuwa akiniambia, "Wewe mtoto, umekalia moto?" Nilikuwa natembea. Asubuhi Kariakoo, mchana narudi kupitia Mnazi Mmoja, jioni nimeshafika mtaa wa Gerezani na kurudi, sina ninachokifuata. Nilikuwa nasikiliza. Muuza dagaa mmoja sokoni alikuwa hasemi "dagaa, dagaa" kama wenzake, alikuwa anasema "Wanakutazama!" na kweli unageuka unaona vile vijicho vimejaa ungo mzima. Mwenzake wa pembeni anapiga kelele mpaka mishipa inamtoka na hapati mtu. Mambo kama hayo yalinikosesha raha. Nilikuwa nalala nayo. Kwa nini huyu apate, yule akose, na dagaa ni walewale?

Sasa, kwenye mtaa wa nyuma ya soko palikuwa na duka la sabuni la bwana mmoja wa Kilimanjaro. Mkristo, mpole, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake cha kitabu. Aliuza sabuni ya miche, ile mirefu ya njano, akiikata vipande kwa waya. Nje ya mlango aliweka ubao mweusi, na juu ya ubao aliandika kwa chaki, kwa mwandiko mzuri sana: "Wateja wetu wapendwa, mnatangaziwa ya kwamba katika duka hili inapatikana sabuni iliyo bora kwa ajili ya kufulia nguo za aina zote na kuogea mwili pia. Karibuni nyote kwa unyenyekevu."

Siku ya kwanza nilipita nikasonya. Siku ya pili nikapita upande wa pili wa barabara ili nisiuone. Siku ya nne nikashindwa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikachukua ncha ya kanga yangu nikafuta ubao wote, nikaokota chaki pale dirishani nikaandika: SABUNI IPO.

"Dada," nikasikia nyuma yangu. "Ubao wangu umeufanya nini?"

"Nimeupunguzia mzigo."

"Maneno yale niliyafikiria siku mbili."

"Yanaonekana, bwana. Yamechoka."

Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Alisimama kando yangu akaukodolea macho ubao, mikono nyuma, kama mwalimu. Kisha akasema taratibu, "Sabuni ipo. Ni kweli. Lakini hata jirani yangu anayo. Na yule wa mbele anayo. Maneno haya yanamsaidia kila mtu isipokuwa mimi."

Ebo! Nikaondoka nimenuna mpaka nyumbani. Alikuwa na haki, na hicho ndicho kilichoniudhi. Kesho yake nikarudi nikamwambia nitakaa kizingitini kwake siku tatu, nisiseme neno, kisha nitamwandikia. Akasema, "Wewe? Usiseme neno?" Tulikuwa tumejuana siku mbili tu.

Nilikaa. Nikaona kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyeuliza kama sabuni ni bora. Kila aliyekuja alifanya jambo moja: alitia kucha. Anaubonyeza mche, akiona kucha inazama anaurudisha, maana sabuni laini inaishia kwenye maji kabla shati halijatakata. Walikuwa wakifanya kwa wizi, wakimtazama mwenye duka kwa pembe ya jicho, kwa sababu maduka mengine walifokewa. Na sabuni ya huyu bwana ilikuwa ngumu kama kisiki. Siku ya tatu jioni nikaandika: BONYEZA KWANZA.

Weeh! Walikuja kubonyeza hata wasio na nguo za kufua. Bwana alilalamika miche yake yote ina alama za kucha kama imetafunwa na panya, lakini alilalamika huku anakata. Tukakubaliana kila ubao mpya anilipe mche mmoja wa sabuni. Niliupeleka wa kwanza nyumbani kifuani kama mtoto mchanga. Mamdogo akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akatia kucha. Haikuzama. Akapiga kigelegele uani pale peke yake, majirani wakatoka kuuliza nani kaposwa.

Kitu kimoja nikiri. Nilipenda ile kazi kuliko nilivyompenda mume wangu. Nilikuwa sipati usingizi kwa ajili ya neno moja, na nikilipata sikai chini.

Kuelekea masika yule bwana alishusha shehena kubwa ya sabuni, masanduku yamepangwa mpaka darini. Ndugu zake wa mlimani walikuwa wamemwamini na fedha zao za kuinunua. Kisha joto likaja, hewa ikawa nzito, na sabuni ikaanza kutoa jasho ndani ya masanduku. Akaniita.

"Dada, mvua zikianza mzigo huu umekwisha. Utayeyuka nikiutazama. Ukiniandikia maneno ya kuumaliza kabla ya masika, naweka meza na kiti hapa ndani. Utakuwa mwandishi wangu wa siku zote."

Meza na kiti! Nikaona sura ya mjomba akishuka kutoka Kisarawe na kunikuta nimekaa kwenye kiti. Siku hiyo sikula. Nilizunguka mji mzima na kichwa kinavuma.

Neno lilikuja kwa bahati. Msukuma mkokoteni mmoja, mgeni, Kiswahili bado cha kwao, alinisimamisha karibu na Mnazi Mmoja aniulize njia. Alikuwa amekariri jina la mtaa akalisahau nusu. "Mama, nakwenda Mchafu... Mchafu nini? Mchafu... koge?" Akasimama pale katikati. Akalisikia alilolisema, akaanza kucheka. "Mchafu, akoge! Ndiyo jina la mtaa wenu hilo?"

Mimi niliyekuwa nikilitamka jina lile kila siku, nilikuwa sijapata kulisikia. Nilimwonyesha njia mbio mbio, sijui hata kama alifika. Nikaenda dukani moja kwa moja, nikafuta ubao, nikaandika kwa herufi kubwa kadiri ubao ulivyotosha, na baada ya neno la kwanza nikatia mkato mnene:

MCHAFU, KOGE!

Bwana akatoka akasoma. "Si inatakiwa kuwa 'oge'?"

"Huko kwenu mlimani mnaoga. Sisi pwani tunakoga."

Akasoma tena, na safari hii akatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Na watu wanaokaa huko Mchafukoge, hawataona vibaya?"

"Mimi mwenyewe nakaa huko. Umeniona nimekasirika?"

Nakumbuka nilivyojibu, haraka, kiuno kimeshikwa. Yule bwana aliuliza swali lililokuwa kazi yangu mimi kuliuliza.

Siku ile ile Kariakoo iliwaka moto. Watu walikuja wakisukumana kusoma, asiyejua kusoma akasomewa, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mtu aliyecheka mbele ya duka haondoki mikono mitupu. Watoto walilidaka. Kabla ya jua kutua mtu akimwona mwenziwe ana vumbi mguuni anamwambia, "Mchafu, koge!" Wapagazi sokoni wakaambiana. Masanduku yakaanza kushuka kutoka darini. Bwana akanipa miche mitatu kwa ubao mmoja, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea.

Mmoja nikampa mamdogo. Akauliza, "Safari hii umeandika nini?"

"Maneno ya sabuni, mamdogo. Watu wanacheka hao!"

"Yanasemaje?"

"Utayasikia tu, yameenea mji mzima." Na nikatoka. Nilijiambia nina haraka. Haraka ya nini? Sikuwa na haraka yoyote.

Yeye alifurahi tu. Kwa siku mbili alikuwa akisimama bombani kwenye foleni ya maji na debe lake, akiwaambia wanawake kwamba maneno yanayochekesha Kariakoo nzima yametoka chumbani kwake. Wanawake wa bombani nao walikuwa kama yeye, hakuna asomaye, na mzaha wenyewe ulikuwa bado haujavuka Mnazi Mmoja kufika kwao. Siku ya tatu akavaa buibui lake la Idi, akawachukua mashoga zake wawili, akaja nao kuona ubao.

Nilikuwa ndani ya duka. Nilimwona kupitia dirisha akiwapanga mashoga zake mbele ya ubao, akiwaonyesha kwa kidole, "Huu. Ndio wa mwanangu huu." Nikataka kutoka. Nikabaki dirishani. Akamgeukia muuza samaki aliyekuwa akipita na tenga lake, akamwambia kwa adabu, "Baba, tusomee."

Yule akasoma kwa sauti ya kunadi samaki. "Mchafu! Koge!" Watu waliokuwa karibu wakacheka, kama walivyocheka tangu juzi. Muuza samaki akapata raha ya kuchekewa, akamwuliza, "Wewe mama unakaa wapi?"

"Mchafukoge," akasema mamdogo, kabla hajafikiri.

Basi. Pakalipuka kicheko. "Mwenyewe kaja! Mama, umekoga leo?" Mamdogo naye akacheka. Alicheka pamoja nao, mkono mdomoni, ile mikono iliyopasuka, na mashoga zake wakacheka kwa sababu yeye kacheka. Kisha akaniona dirishani. Akautazama ubao, akanitazama mimi. Akasema, "Ubao mzuri, mwanangu," akawashika wenziwe mikono wakaondoka.

Heri angenitukana. Nilirudi nyumbani nikamkuta anakamua kanzu. Nikasema, "Mamdogo," na yeye bila kugeuka akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaendelea kukamua. Asubuhi nilipoamka nilikuta kwenye mkeka wangu ule mche niliompa. Alikuwa ameshautumia kidogo, kona moja imepungua. Alikuwa ameukausha, akaufunga kwenye gazeti, akanirudishia.

Kisha kanzu zikaanza kupungua. Si kwa ugomvi, ni kwa mzaha tu, na mzaha ndio mbaya zaidi maana huna wa kumjibu. Mzee mmoja wa msikitini alitaniwa na wenzake baada ya sala, kanzu yako inafuliwa na nani, na mchafu? Wakacheka, naye akacheka, na Jumatatu hakuleta. Mwingine akamtuma mtu kuja kuichukua kanzu yake ikiwa bado haijafuliwa, eti ana safari. Ijumaa ya pili kamba ya uani ilikuwa na kanzu tatu. Mamdogo akawa anakoga mara nne, mara tano. Nilikuwa nasikia maji yakimwagika nyuma ya makuti ya bafuni, tena na tena, na kila debe nililisikia moyoni. Nilijichukia. Nasema wazi: nilijichukia.

Nikaenda kwa bwana wa sabuni nikamwambia afute.

"Dada," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na wewe ukaniuzia. Nusu ya mzigo imeshaondoka, ndugu zangu wameanza kulala usingizi." Hakusema kwa ubaya, alikuwa na huzuni usoni. "Na nikifuta leo, ubao utanyamaza. Hao watoto nani atawafuta? Maji yakimwagika hayazoleki. Niletee neno lenye nguvu kuliko hili, nitalifuta hili mbele ya macho yako."

Neno lenye nguvu kuliko lile! Nilitembea mpaka Magogoni nikakaa kwenye jiwe, kivuko kikaenda Kigamboni kikarudi, kikaenda kikarudi, mimi na chaki yangu mfukoni. Nilijaribu maneno ya heshima, yakawa kama ule ubao wa kwanza wa unyenyekevu. Nilijaribu maneno ya kuomba radhi, na nani anayenunua sabuni kwa radhi? Upande wa bahari mawingu yalikuwa yameanza kushikana. Mjomba huko Kisarawe bila shaka alikuwa anayaona hayohayo. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikitembea upesi kama ninayefukuzwa.

Nilipokata kona ya mtaa wetu niliwakuta watoto watatu wamejipanga mlangoni kwetu wakiimba, "Mchafu, koge! Mchafu, koge!" na mamdogo ndani uani anaanika. Nilitaka kuwatimua. Kabla sijafungua mdomo yeye alitoka, nguo imemrowa, povu mpaka viwikoni, akasimama kizingitini. Nilikuwa sijapata kumwona vile. Machozi yamemjaa, lakini kichwa juu.

"Mchafukoge tumeshakoga!" akawaambia. "Tumekoga tangu alfajiri! Kamwulizeni mama yenu, yeye je?"

Watoto wakatimua mbio. Mamdogo akashika mlango, akaanza kulia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Na mimi? Mimi mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika chaki.

Ndiyo. Mama aliyenitetea analia hatua mbili kutoka kwangu, na kichwa changu kinasema: *tumeshakoga, wewe je, hilo ndilo, toa mama, baki na wewe je*. Nilikuwa nimeshageuza unyayo kuelekea Kariakoo. Ni upupu uleule ulionifanya nisahihishe talaka yangu kabla ya kuililia.

Akaniona. Akaangalia mkono wangu mfukoni, akajifuta macho kwa kiwiko kikavu.

"Umelipenda," akasema.

Sikuweza kusema uongo. "Nimelipenda, mamdogo."

"Unataka kwenda kuliandika."

"Ukiniruhusu."

Akakaa kizingitini. Akanionyesha kwa mkono nikae chini mbele yake, nikakaa mchangani. "Nitakuruhusu," akasema. "Lakini kwanza nisomee lile la zamani. Mimi nilisomewa na muuza samaki. Wewe hukunisomea. Nisomee."

"Mamdogo, unalijua."

"Nisomee. Si maneno yako? Niangalie usoni unisomee."

Nikamwangalia. Nikaona yale macho mekundu, na shingo safi, na ile kanga iliyofuliwa mpaka rangi imekwisha. Nikafungua mdomo. Mdomo wangu huu, uliovunja ndoa, uliowashinda wifi na mashemeji na jopo zima la ukoo, ulifunguka na haukutoa kitu. Maneno mawili tu, na mkato katikati. Nilijaribu mara ya pili nikapata "Mch—" nikaangua kilio mapajani pake.

Alinishika kichwa, mkono wa povu na yote. Akaniacha nilie mpaka nikatosheka, kisha akanisukuma taratibu.

"Haya," akasema. "Sasa nisomee hili langu."

"Mchafukoge tumeshakoga. Wewe je?"

Akafikiri. "Mama wa watu umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Vizuri. Hana kosa. Mimi nilikuwa na hasira." Akanyanyuka. "Ngoja nibadilishe nguo. Tunaenda wote."

Bwana wa sabuni alilifuta lile la kwanza kwa mkono wake, kama alivyoahidi. Nikaandika jipya, mstari ukaenda kombo. Watu wakasogea. Mmoja akasoma kwa sauti. Kwanza watu wakajitazama mikono, wakajitazama kola, kisha mama mmoja akamgeukia muuza samaki yuleyule na tenga lake akamwuliza, "Wewe je?" Hapo Kariakoo ikavunjika mbavu upya, na safari hii mamdogo alicheka bila kuweka mkono mdomoni. Wanawake wa Mchafukoge walikuja wenyewe kununua, kwa makundi, ili waonekane. Mzigo uliisha. Mvua zikaja, na mjomba akaja nazo, mwavuli mkononi, akanikuta nimekaa kwenye kiti. Akakitazama sana kile kiti, akakitikisa kuona kama ni kizima, akarudi Kisarawe.

Kanzu zilirudi, si zote. Yule mzee wa kwanza hakurudi mpaka anakufa. Sikupata kujisamehe kwa ile kanzu moja, na tangu hapo siandiki neno ambalo siwezi kumsomea mwenyewe usoni.

Lakini siku ile ya ubao mpya, watu walipopungua, mamdogo alisogea karibu na ubao mpaka pua ikaugusa. Akaniuliza, "Hapo palipoandikwa tumeshakoga, ni wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipitisha pole pole mpaka ya mwisho, bila kufuta. Kidole kikawa cheupe kwa chaki. Tukarudi nyumbani pamoja kupitia Mnazi Mmoja, na yeye, ambaye hakuwahi kuvumilia punje ya vumbi, alikibeba kile kidole kimesimama mbele yake njia nzima, na nyumbani akamwagilia mimea, akachochea mkaa, akakunja kanzu tatu kwa mkono mmoja, na hakukiosha mpaka ilipoadhiniwa magharibi.